Silva Ipi? Kutafuta Rangi ya Kiraka kwa Gari Lililokula Miaka

Bodaboda ilinikwangua mlango wa nyuma wa kushoto, mkwaruzo wa urefu wa kiganja, na fundi wa kwanza niliyempelekea Corolla yangu ya mwaka 2003 hakuiangalia mara mbili. "Bosi, silva ni silva," akasema, akatoa kopo chini ya benchi, akachanganya na tina ya kuipunguzia uzito. Jioni ile, chini ya mwembe wa gereji, mlango ulikuwa safi kabisa. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Kesho yake saa nne asubuhi, jua likiwa limeshakaa sawa, nikatoka ofisini na kulikuta gari langu lina mlango wa kuazima. Nikisimama usawa wake, ulikuwa mweupe kuliko milango mingine. Nikisogea kwenye bampa ya nyuma na kuutazama kwa pembeni, uleule mlango ukawa mweusi kuliko wenzake. Nikazunguka hivyo mara tatu nne, mlinzi ananiangalia, hadi nikakubali kwamba macho yangu ni mazima.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza, na majibu yalinipeleka mbali kidogo na duka la rangi.

Tuanze na jina la rangi, maana fumbo lote linaanzia hapo. Kadi yangu ya gari, penye nafasi ya rangi, imeandikwa SILVER. Basi. Kiswahili kimejaa majina ya rangi yenye utamu wake, maji ya kunde, damu ya mzee, samawati, na ukiyataja dukani kwa wauza kanga utapewa unachotaka. Kwenye duka la rangi za magari hayana kazi. Toyota peke yake imetumia silva namba 1C0, 1E7 na 1F7, na hizo ni tatu tu ninazozikumbuka bila kufungua kitabu. Moja ina ubaridi wa buluu, nyingine ina chembe za mika, yale madini yanayometameta, nyingine inaelekea weupe. Ziweke kila moja barabarani peke yake, hakuna atakayezitofautisha. Zikutanishe kwenye ubavu wa gari moja, zinagombana.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni namba, na namba iko kwenye gari lenyewe. Kwenye Toyota nyingi za zamani fungua boneti utazame ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria: kuna kibao chembamba cha bati. Kwenye matoleo ya karibuni kimehamia kwenye nguzo ya mlango. Tafuta neno COLOR au herufi C/TR. Mbele yake kutakuwa na alama tatu, kama 1E7, kisha herufi na tarakimu nyingine kama FB13. Zile za kwanza ndizo rangi ya bodi. Zinazofuata ni vitambaa na plastiki za ndani, na nimeshuhudia mtu akibishana na muuzaji robo saa nzima kwa sababu alinakili za ndani. Nissan nao wana alama tatu, mfano KH3 ambayo ni nyeusi. Honda huanza mara nyingi na herufi kama NH, na karatasi yake iko kwenye nguzo ya mlango. Piga picha kibao kizima kwa simu. Usitegemee kukumbuka, kwa sababu B na 8 zenye vumbi la miaka 20 ni mapacha.

Na ukifika dukani taja kampuni ya gari kwanza, namba baadaye. Hili si adabu tu. Namba 040 kwa Toyota ni ile nyeupe iliyojaa barabarani kuanzia Tunduma hadi Namanga, Super White II. Namba 040 kwa Mercedes-Benz ni nyeusi.

Sasa, watu wengi wakishapata namba huona kazi imekwisha. Kumbe namba ni jina la ukoo tu. Rangi moja hupigwa kwenye viwanda tofauti, kwa miaka mingi, kwa malighafi za wasambazaji tofauti, na kila mkupuo hutoka na tofauti ndogo ambayo kiwanda kinaikubali. Kampuni zinazotengeneza rangi za ukarabati, kama PPG, Glasurit, Sikkens au Standox, hukusanya sampuli za magari halisi na kutoa fomula zaidi ya moja kwa namba ileile: moja ya kawaida, nyingine inayoelekea njano, nyingine yenye chembe kubwa, nyingine nyeusi zaidi kwa pembeni. Ni kama Kiswahili chenyewe: Kimvita, Kiunguja na Kiamu vyote ni Kiswahili, lakini mtu akifungua mdomo unajua katokea wapi. Muulize mchanganyaji, "Namba hii ina lahaja ngapi?" Pengine hatalitumia neno hilo, lakini akikuelewa na kukutolea kadi za kulinganisha, kaa hapo. Akikushangaa, una haki ya kuwa na wasiwasi.

Uchanganyaji wenyewe ni kazi ya mizani. Fomula imeandikwa kwa gramu: rangi nyeupe kiasi fulani, nyeusi kidogo, alumini nyembamba, alumini nene, na pengine tone la buluu. Ukiagiza lita nzima, kosa la tone moja linamezwa. Ukiagiza robo lita kwa mlango mmoja, tone hilohilo linageuza rangi. Halafu kuna uvivu mmoja mdogo unaoharibu kazi nyingi: chembe za alumini na mika ni nzito, huzama chini ya kopo. Makopo ya rangi za msingi yanapaswa kukorogwa kila siku kabla ya kumimina. Yasipokorogwa, mteja wa kwanza anapata maji ya juu na wa mwisho anapata matope ya metali, na wote wawili wamepimiwa kwa usahihi mkubwa.

Haya, tuseme kila kitu kimekwenda sawa na kopo lako lina 1E7 halali kabisa, kama ilivyotoka Japani. Tatizo ni kwamba gari lako si 1E7 tena.

Rangi ya gari ni ganda jembamba ajabu. Tabaka zote za kiwandani kwa pamoja, kuanzia ile ya kuzuia kutu hadi klia, lile tabaka angavu la juu linalong'arisha, huwa kama maikroni 100 hadi 150. Unywele wa kichwani una takriban 70. Kwenye unene huo wa nywele moja na nusu au mbili, limepigwa jua la miaka 20, sehemu yake la Yokohama na sehemu kubwa zaidi la Dar es Salaam. Klia hugeuka njano. Rangi nyekundu hupauka haraka kuliko nyingine kwa kuwa viungo vyake vingi havistahimili miale ya jua. Na kupauka kwenyewe hakuna usawa: paa na boneti vinakula jua la saa sita, milango inakula la pembeni, sehemu ya chini ya milango inakula vumbi na tope. Gari moja linaweza kuwa na vivuli vitatu vya rangi moja, na mwenye gari hajui mpaka siku mtu alete kipande kipya pembeni.

Ndiyo maana kabla ya kulinganisha chochote unaosha, kisha unapiga kampaundi sehemu ya karibu na jeraha hadi ing'ae. Uchafu na ngozi iliyokufa vikiondoka ndipo unaona rangi ya kweli iliyobaki. Ukilinganisha na rangi iliyofubaa, utatengeneza rangi ya ufubavu, na siku utakapoosha gari vizuri kiraka kitajitokeza.

Mafundi wengi huchomoa kifuniko cha tenki la mafuta na kukipeleka dukani kama sampuli. Ni ujanja mzuri: kidogo, kinabebeka, hakina thamani ya kuibiwa. Ila kiulize maswali. Je, kiko upande ule ule unaoegeshwa juani? Kimewahi kubadilishwa? Mlango wangu ulikuwa kushoto na kifuniko kiko kushoto, nikabahatika. Bampa ni sampuli mbaya kuliko zote. Bodi ya chuma kiwandani huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140, plastiki haiwezi kuvumilia hilo, kwa hiyo bampa hupigwa rangi mahali pengine kwa njia nyingine. Hata magari mapya kabisa, ukiyatazama kwa jicho baya, bampa na madigadi hazisemi neno moja.

Kwenye maduka makubwa siku hizi kuna kifaa cha mkononi, watu wanakiita kamera, kinachobandikwa kwenye bodi na kusoma mwanga unaorudi kwa pembe kadhaa, kisha kompyuta inapendekeza fomula. Kinasaidia sana, hasa kwa gari ambalo kibao chake kimeng'oka. Lakini nacho kinasoma kile kinachooneshwa. Ukikipa mahali palipokwanguka, kitakutengenezea rangi ya mkwaruzo.

Dagaa na chembe za alumini

Hapa ndipo mlango wangu uliponisumbua, na ndipo silva inapowashinda mafundi wengi.

Umewahi kuona dagaa wakianikwa kando ya Ziwa Victoria? Wakitandazwa vizuri, wamelala ubavu, uwanja mzima unametameta kama kioo. Wakiwa wamerundikwa ovyo, wengine wima, wengine kichwa chini, samaki walewale wanaonekana weusi. Rangi ya metaliki inafanya hivyohivyo. Ndani yake kuna vipande vidogo bapa vya alumini. Vikilala bapa vinarudisha mwanga usoni kwako, rangi inang'aa ukiitazama moja kwa moja na inakuwa nyeusi ukiitazama kwa pembeni. Vikisimama wima, uso unafifia na pembeni panang'aa.

Na anayeamua vilale vipi ni mkono wa fundi. Akipiga rangi ikiwa kavu kavu, bunduki ya kupulizia iko mbali, hewa nyingi, vipande vinafika vimeshashikwa na kulala juu juu: rangi inakuwa nyeupe. Akipiga ikiwa imelowa, karibu, rangi nyingi, vipande vinaogelea na kuzama: rangi inakuwa nyeusi. Joto la Dar linakausha tina ya haraka kabla rangi haijagusa bati, kwa hiyo hata aina ya tina inabadilisha rangi. Kopo moja, bunduki moja, mafundi wawili, silva mbili. Ukitaka ushahidi, mpe kopo moja fundi wa asubuhi na fundi wa saa nane mchana.

Fundi wangu wa kwanza, basi, alikuwa na makosa mawili yaliyopandana: silva isiyo yangu, tena iliyopigwa kavu. Ndiyo sababu mlango uligeuka kila nilipozunguka.

Mwanga nao una hila zake. Rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa na kuachana juani. Lulu nyeupe na kijivu zina tabia hiyo sana. Linganisha juani, kisha kivulini, kisha chini ya taa ya kituo cha mafuta usiku. Simama mbele, halafu inama utazame kwa pembeni. Na usipokee gari jioni. Mimi nilipokea jioni.

Kadi yenye tundu

Fundi wa pili, mzee mmoja mfupi asiyependa maneno, hakugusa gari siku ya kwanza. Alichukua vipande vinne vya kadi ngumu, akavipiga praima, yaani rangi ya chini, ya kijivu ileile atakayotumia mlangoni, kisha rangi: cha kwanza kwa fomula ya kawaida, cha pili kwa lahaja nyingine, cha tatu na cha nne kwa lahaja hiyohiyo akiongeza tone la nyeusi na kubadili mkono. Vilipokauka akavipiga klia. Akatoboa tundu la ukubwa wa sarafu katikati ya kila kadi, akaziegemeza mlangoni juani.

Tundu ndilo lililonifungua macho. Kupitia tundu unaona rangi ya gari imezungukwa na rangi mpya pande zote, bila mpaka mweupe wa kadi kukudanganya. Kadi ya kwanza, tundu lilionekana kama doa. Ya tatu, nililitafuta.

Klia si ya kuruka kwenye majaribio. Rangi ya msingi bila klia inakuwa butu, na ukiilinganisha hivyo na gari linalong'aa utamkatalia mchanganyaji bure. Hata praima ina neno: nyekundu na njano hazifuniki vizuri, na nyekundu iliyopigwa juu ya kijivu cheusi itaishia kuwa damu ya mzee hata kama fomula ni sahihi.

Nyeupe ya lulu, kama 070 ya Toyota inayopendwa kwenye Harrier na Alphard, ina ugumu wake. Ni tabaka tatu: nyeupe ya chini, katikati pazia jembamba la mika, juu klia. Kila pazia la mika linaongeza unjano kidogo. Kwa hiyo hapo kadi hutengenezwa kwa ngazi: moja ina mikupuo miwili ya mika, nyingine mitatu, nyingine minne, kisha unachagua idadi. Fundi anayekuambia atapiga lulu bila kadi anacheza bahati nasibu kwa pesa yako.

Hata kadi bora haikupi mlinganisho kamili, na hili mzee yule alilisema wazi kabla sijauliza. Kazi iliyobaki ni ya kuyapotosha macho. Jicho ni hodari kuona tofauti penye mpaka mkali, na ufa kati ya mlango na mlango ni mpaka mkali. Ila tofauti hiyohiyo ikitandazwa polepole kwenye nafasi ya mikono miwili, jicho halioni kitu. Kwa hiyo rangi hupigwa nzito kwenye jeraha, ikapunguzwa taratibu kuelekea pembeni, ikaingia hata kwenye mlango wa jirani usio na kosa lolote, halafu klia inafunika mapande yote mawili mazima. Wenye magari hukataa hapa: "Mbona unapiga rangi mlango mzima wa mbele, umekwanguka wa nyuma?" Nami nilikataa, kwa dakika tano hivi. Kwa silva, dhahabu na lulu hakuna njia nyingine ya maana. Kwa nyeupe ya kawaida au nyeusi tupu unaweza kuishia kwenye ufa wa mlango na ukasalimika.

Kama jeraha ni dogo kuliko punje ya mchele, vidoa vya kokoto kwenye boneti kwa mfano, sahau kamera na kadi. Chupa ndogo ya namba yako inatosha. Kwa ukubwa huo jicho halipimi rangi, linaona tu kwamba hakuna shimo jeusi. Ogopa kutu zaidi ya tofauti ya rangi, hasa ukiishi Mombasa, Tanga au Zanzibar ambako chumvi haikuombi ruhusa. Safisha, kausha, dondosha rangi kwa ncha ya kijiti cha meno badala ya ile brashi nene ya kwenye kifuniko, acha ikauke, ongeza tena, hadi ipande kidogo juu ya usawa. Metaliki kwa brashi itakuwa nyeusi kidogo daima, kwa sababu dagaa hawalali kwa brashi. Ivumilie.

Jambo moja la kukagua kabla ya yote ni kama gari limeshawahi kupigwa rangi. Magari mengi ya mitumba yamepita mikononi mwa watu, na namba ya kwenye kibao inaweza kuwa ya rangi iliyofunikwa zamani. Chungulia chini ya zulia la buti, nyuma ya mpira wa mlango, kwenye bawaba. Rangi ya ndani ikitofautiana na ya nje, acha kibao, linganisha kwa jicho au kamera. Kisha lowesha kitambaa kwa tina, kiweke kwa sekunde chache mahali pasipoonekana. Rangi ya kiwandani, au ile ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, haitasogea. Ikiyeyuka na kushika kitambaa, ni ile ya selulosi, uzao wa Duco ya kampuni ya DuPont iliyoingia kwenye magari ya Oakland huko Marekani mwaka 1923 na kuleta upigaji rangi wa haraka duniani; baadhi ya mafundi wa kwetu bado wanaiita duko. Ukipiga rangi ya hadina nzito juu yake inaweza kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Na hadina yenyewe ina kemikali za isosayaneti zinazoumiza mapafu kabisa. Barakoa ya vumbi haizuii. Anayepiga avae ile inayoletewa hewa safi kwa bomba, wewe na watoto mkae mbali.

Kwa gari kuukuu zaidi, Land Rover za miaka ya 1960 kwa mfano, mara nyingi hakuna kibao cha kukusaidia. Faraja ni kwamba rangi zilikuwa chache, kijani cha Bronze Green, buluu ya Marine Blue, paa la Limestone, tena bila metaliki wala lulu. Mchanganyaji mwenye jicho atazipata kwa kukisia na kurekebisha mezani, mradi umpelekee kipande kilichosuguliwa.

Mlango wangu ulichukua siku tatu. Mzee aliniita saa sita mchana, akanisimamisha juani, akanyamaza, akanisubiri nizunguke. Nilizunguka. Rangi iliyobaki, ile ya msingi isiyotiwa hadina, aliimimina kwenye chupa ndogo ya kioo hadi shingoni ili hewa isikae, akaandika kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino mzito: 1E7, lahaja ya pili, nyeusi tone moja, lowa. Chupa iko kabatini, mbali na joto. Kadi ya tatu, ile yenye tundu, naiweka kwenye dashibodi pamoja na kadi ya gari, ambayo bado inasema SILVER.